Jiko Jipya la Mpumudde: Shajara ya Miezi Sita ya Kuishi Nalo

Kabla ya yote

Mafundi walikunja jamvi Ijumaa ya mwisho ya Januari. Ujenzi wenyewe, wiki kumi na moja za vumbi na kelele za grinda, una daftari lake. Hapa naandika kilichofuata: kupika ndani ya jiko jipya asubuhi na jioni, kuona linapotufaa na linapotukwaza, kisha kurekebisha. Nilijiwekea miezi sita. Siri ya mtungi aijuaye kata, na majirani walishaanza kuja kuchungulia na kuniomba ushauri kabla sijachota hata mara moja.

Nyumba iko Mpumudde, hapa Jinja. Aliijenga baba mkwe miaka ya 1980 baada ya kuacha kazi ya reli, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumba hii. Watoto wake walizaliwa kwenye kota za stesheni tofauti, mmoja Tororo, mmoja Eldoret, mmoja Kisumu, enzi reli ilipokuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tunaoishi hapa sasa ni sita: mimi, baba watoto, watoto wetu watatu, na mama mkwe. Wajukuu wanamwita Jaja, nami nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Jiko la zamani lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, mafiga matatu na sigiri (majiko ya makaa) mbili, kuta nyeusi tititi. Tulipika humo miaka yote. Macho yangu yalikuwa yakiwasha hadi usiku, na kikohozi cha mtoto wa mwisho hakikuwa na msimu. Halafu makaa. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji makaa wa biashara kaskazini mwa nchi, na tangu hapo gunia tunalonunua limekuwa likipanda bei na kupungua ujazo. Tukaamua kuunganisha stoo na ukumbi wa nyuma, tukapata chumba cha mita 4 kwa 3. Kaunta ya terazo yenye umbo la L, kimo sentimita 90. Sinki la chuma. Jiko la gesi la mafiga manne. Kabati za MDF zilizopakwa rangi ya krimu. Vigae sakafuni. Madirisha mawili makubwa upande wa mashariki.

Wiki ya 1

Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, si kwa ajili ya kazi bali kwa kutaka kuliona likiwa tupu. Saa moja na robo jua liliingia kwa dirisha la kwanza, likagusa terazo, na vipande vya marumaru ndani yake vikang'aa kama mchanga wa ziwani. Nilichemsha chai ya tangawizi. Maji yalichemka kabla sijamaliza kuosha vikombe. Nilisimama pale nikanywa chai yangu, na macho hayakuwasha. Kwa hilo peke yake nilimshukuru Mungu.

Kimo cha kaunta kinanifaa. Nikikata kitunguu mgongo haupindi, viwiko vinakaa sawasawa. Binti mkubwa ana miaka 14 na kinamfaa pia.

Jaja hakuweza. Magoti yake hayamruhusu kusimama zaidi ya dakika kumi, na hata akisimama, kaunta inamfikia karibu na kifua. Siku ya tatu alichukua kibao chake, akakaa mlangoni kati ya jiko na ua, akaanza kumenya matoke kama alivyofanya maisha yake yote, maganda yakianguka kwenye jani mbele yake. Kila aliyepita alilazimika kumruka. Nilimwambia, "Mama, sogea kidogo ndani." Akasema ndani hakuna mahali. Niliangalia, na kweli hapakuwepo: kila ukuta una kabati, na katikati ndiyo njia.

Nimeandika hilo kwa kalamu nyekundu. Sijui bado la kulifanyia.

Wiki ya 2

Gesi. Hapa nitakaa kidogo, maana nyumba nyingi ninazozijua zimefanya kosa hili hili.

Fundi aliweka mtungi wa kilo 12 ndani ya kabati chini ya kaunta, akafunga milango, ikapendeza. Matundu ya hewa ya chumba yako juu, chini ya dari, kama nyumba zetu zote. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, na hutulia pa chini kabisa ikingoja cheche. Matundu ya juu hayaisaidii kutoka. Kabati lenye milango iliyobana ndilo sanduku bora la kuikusanyia.

Jioni ya Jumanne nilisikia harufu. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa kitu kilichooza hutiwa makusudi ili tuijue. Nilifunga valvu, nikafungua madirisha na milango, sikugusa swichi yoyote. Kesho yake asubuhi nilichanganya sabuni na maji nikapaka kwenye kila kiungo, na pale regulata inapokutana na mpira yakaota mapovu madogo madogo. Kibano kilikuwa hakijakazwa.

Tumefanya mambo mawili. Mtungi umetoka nje kabisa, unakaa ndani ya kizimba cha matofali kilichoegemea ukuta, chenye mlango wa nondo na kufuli, kivuli siku nzima. Na chini ya ukuta wa jiko, sentimita tano juu ya sakafu, fundi ametoboa matundu mawili yanayotokea nje, yenye wavu wa kuzuia panya. Tarehe ya kununua mpira nimeiandika kwa wino juu ya mpira wenyewe, ili asiwepo mtu wa kubahatisha umri wake.

Nililala vibaya usiku ule wa Jumanne. Nilikuwa nikiwaza watoto.

Wiki ya 3

Ndimu. Binti alikata ndimu juu ya terazo, akaacha nusu mbili zimelala kifudifudi wakati anakwenda kuitika simu. Aliporudi akafuta, na palipofutwa pakabaki miduara miwili iliyofifia, isiyong'aa tena. Nilidhani ni uchafu nikasugua. Si uchafu, ni kidonda. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na vyote viwili huliwa na ukali: ndimu, siki, ukwaju, maji ya pasheni, hata nyanya ikikaa. Waliochagua granaiti hawana shida hii, lakini bei yake hatukuiweza, na mimi naipenda terazo kwa sababu ilisagwa hapa hapa mbele ya macho yangu.

Fundi wa terazo alirudi bila kinyongo. Alisugua kwa msasa laini na maji, akapaka dawa ya kuziba vinyweleo. Alinifundisha jaribio: dondosha tone la maji juu ya kaunta, ngoja dakika kumi. Tone likibaki limesimama, dawa bado ipo. Pakiwa peusi, maji yanazama, na muda wa kupaka tena umefika. Sasa ndimu na pasheni hukatwa juu ya ubao tu. Watoto wamezoea.

Wiki ya 4

Tumepika, tumekula. Hakuna jipya.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Ramadhani

Mwezi mtukufu ndio uliolipima jiko hili kuliko kipimo chochote ambacho ningekibuni. Daku saa kumi usiku. Futari kila magharibi ya watu sita, mara nyingi kumi, kwa sababu shemeji na jirani hawasubiri kualikwa, nao wanakaribishwa. Uji, viazi vitamu, mihogo, katogo (mseto wa matoke), maharagwe, chapati, na Ijumaa sambusa.

Nianze na lililonifurahisha. Daku limekuwa jepesi. Zamani nilitoka nje gizani, nikawasha makaa, nikapepea dakika ishirini kabla ya sufuria kupata moto. Mwaka huu niliwasha taa, nikawasha gesi, na nyumba ilikuwa haijaamka.

Maharagwe tumeyahamishia kwenye sufuria ya presha ya umeme. Nayaloweka toka asubuhi, jioni nayatia ndani, nafunga, naenda kuswali asri. Nilisoma mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kabla na baada ya kupika: nusu kilo ya maharagwe ilikula takriban nusu uniti. Nilirudia mara tatu nikapata karibu ile ile. Wengi hapa hawajui kwamba bei ya umeme wa majumbani ina ngazi kwa mwezi: uniti 15 za kwanza ni za bei nafuu, kisha bei kamili hadi ya 80, halafu kuanzia 81 hadi 150 bei inashuka tena, na punguzo hilo liliwekwa mahsusi kwa ajili ya kupikia. Jirani yangu alikuwa akidhani kadiri unavyotumia ndivyo unavyoadhibiwa, na kwa hiyo sufuria yake ya presha ilikuwa imekaa juu ya kabati na kasha lake. Nimemsaidia kuishusha.

Siku nne umeme ulikatika saa ile ile ya kuandaa futari. Gesi ikabeba kila kitu. Siku moja gesi iliisha mihogo ikiwa nusu mbichi, na baba watoto akatoka uani akawasha sigiri ya zamani. Tangu siku ile sijasema tena kwamba sigiri zitolewe nyumbani.

Sasa mvuke, ambao sikuufikiria hata kidogo. Vyakula vyetu havikaangwi tu, vinapikwa kwa mvuke saa nyingi. Viazi vitamu vya Kisoga hupangwa juu ya vikonyo, hufunikwa majani ya mgomba tabaka juu ya tabaka, moto mdogo, na sufuria inapumua kuanzia saa tisa hadi magharibi. Matoke vivyo hivyo. Kwenye kibanda cha nje mvuke ulipita kwenye mianya ya bati ukaenda zake. Hapa ulipanda ukagonga dari ya jipsamu, ukalowesha, ukashuka ukutani. Kufikia siku ya 12 kulikuwa na madoadoa meusi ya ukungu juu ya jiko la gesi, na rangi ya maji tuliyopaka ukutani ilianza kunyanyuka kama ngozi iliyochomwa na jua.

Madirisha yote mawili yako ukuta mmoja. Hewa inaingia na haina pa kutokea. Wenzangu walinishauri feni ya kuvuta moshi, lakini feni inahitaji umeme, na umeme unakatika saa hiyo hiyo ya kupika. Baada ya Idi tulitoboa ukuta wa magharibi, juu, mkabala na madirisha, tukaweka matofali ya matundu nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Siku hiyo hiyo niliona mvuke ukigeuza njia. Unapanda, unasita, kisha unalala ubavu na kutoka. Ukuta nimeukwangua na kuupaka rangi ya mafuta inayofutika. Dari bado ina madoa; itasubiri.

Wiki ya 9

Kinu kimepasua sakafu.

Kinu cha Jaja ni cha mvule, alipewa alipoolewa, kizito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Alitaka kutwanga karanga za mchuzi, na kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeanza, tukakiingiza ndani. Mapigo matatu ya mchi, vigae viwili vikapasuka kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Jaja aliacha mchi ukiwa hewani. Alinitazama kwa hofu, kana kwamba ameharibu kitu cha watu, na hiyo ndiyo iliyoniuma: nyumba ni yake.

Usiku, walipolala, nilichukua sarafu ya shilingi 500 nikapiga magoti nikagonga kigae kimoja kimoja. Kigae kilicholala vizuri hutoa sauti fupi, nzito. Kilicho na uwazi chini yake hulia kama kibuyu. Vigae 14 vililia. Fundi aliyevitandika alikuwa akibandika donge la udongo wa saruji katikati na pembeni, badala ya kusambaza kote, na pale panapobaki uwazi kigae hakina kinachokibeba. Nilimwita, akasikiliza kwa masikio yake, akakubali. Amevitoa na kuvirudishia kwa saruji iliyotandazwa yote. Alilipa vigae, mimi nikalipa saruji.

Kwa anayejenga sasa: gonga vigae kabla hujamaliza kulipa.

Lakini hata vikitandikwa vizuri, kinu si cha humu. Kinu kinataka ardhi.

Mwezi wa 3

Mvua, mvua, mvua. Chini ya sinki, kwenye lile bomba lililopinda linaloshika maji ili harufu isirudi, nati ilikuwa inadondosha tone moja kila baada ya muda. Hakuna aliyeliona kwa sababu kuna milango. Nilipofungua kutafuta sabuni, sakafu ya kabati ilikuwa imevimba kama andazi. MDF ni nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba, na ikikauka hairudi. Nyuma yake mende walikuwa wamejijengea mji.

Nimeng'oa kabati lote la chini ya sinki. Badala yake tumejenga kuta fupi za matofali, tukazipiga lipu na vigae, sakafu yake imeinuliwa sentimita 10, na milango ni ya mbao za msonobari zilizopakwa vanishi, yenye nafasi chini ili hewa ipite na macho yaone. Si nzuri kama ile ya krimu. Maji yakidondoka sasa yanatoka mbele, na mimi nayaona asubuhi hiyo hiyo. Kabati nyingine za MDF, zilizo mbali na maji, zinaendelea vizuri. Sina neno nazo.

Mwezi wa 4

Tangu ile wiki ya kwanza nilikuwa na ile mistari ya kalamu nyekundu. Jaja alikuwa bado anakaa mlangoni. Nikaamua kuacha kukisia. Nilibandika karatasi nyuma ya mlango, na kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kila kazi ya mapishi iliyofanyika nyumbani niliiandika: nani, wapi, amekaa au amesimama.

Kazi 31. Kati yake 19 zilifanywa na mtu aliyekaa. Kumenya matoke. Kumenya viazi. Kuchambua maharagwe kwenye ungo. Kuchambua mukene (dagaa) wa Masese, kuondoa mchanga na vichwa. Kupepeta karanga. Kutwanga. Kuosha sufuria kubwa, zile za kipenyo cha sentimita 40 zisizoingia kwenye sinki wala chini ya koki yake. Kusuka moto wa sigiri. Na katika hizo 19, mara 13 aliyekaa hakuwa peke yake. Jaja na mjukuu. Mimi na jirani. Watoto wawili na ungo mmoja, wakigombana.

Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Jiko tulilojenga lilichorwa kwa mtu mmoja, aliyesimama, mwenye magoti mazima, anayepika chakula kidogo kwa haraka. Mtu huyo yupo: ni mimi saa kumi na mbili asubuhi, ninapowahi shuleni kufundisha. Kwa huyo jiko hili ni zuri na namtakia aendelee nalo. Lakini sisi wengine, saa nyingine zote, tunapika tumekaa, chini, wengi, tukiongea. Na mchoro haukumwona hata mmoja wetu. Fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyempelekea picha za kwenye simu nikasema nataka hivi, na sikumuuliza Jaja hata swali moja.

Kiswahili chenyewe kinaita jiko chumba, kinaita jiko chombo cha moto, na mwanaume akioa husemwa amepata jiko. Maana zote tatu zinazunguka moto na wanaokaa karibu nao, na mimi nilinunua kabati.

Nilikwenda kukaa na Jaja pale mlangoni. Nilimwambia, "Mama, nilikosea. Nilijenga bila kukuuliza." Alinyamaza, akamaliza kidole kimoja cha matoke, akakitia kwenye maji. Kisha akasema, "Mwanangu, jiko lako ni zuri. Mimi nataka tu pa kukaa." Mpumudde maana yake ni nimepumzika, na hicho ndicho alichokuwa akikiomba.

Mwezi wa 5

Kibanda cha zamani hatukukibomoa, na leo namshukuru baba watoto aliyesema tukiache mpaka tuone. Tumekigeuza hivi.

Kuta tatu zimeshushwa hadi kiunoni ili hewa na macho vipite. Bati limeinuliwa na kuachiwa mwanya juu, moshi utoke. Nusu ya sakafu ni zege lililosuguliwa kwa mteremko mdogo kuelekea mfereji. Nusu nyingine ni udongo ulioshindiliwa, na hapo ndipo kinu kinasimama. Kando ya ukuta kuna baraza ya matofali ya kimo cha sentimita 40, ndefu mita mbili na nusu, pana vya kutosha watu wanne na ungo zao. Mafiga yamebaki mahali pake. Sigiri zimepata kijukwaa kifupi, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Na koki ya pili, imetolewa kwenye bomba la sinki kwa kutoboa ukuta, inaning'inia juu ya karai la zege ambamo sufuria kubwa inaingia ikiwa imelala. Maji yake yanatoka kwenye tangi la lita 1000, kwa hiyo hata mfereji wa mji ukikauka siku mbili tunaosha.

Kutoka mlango wa jiko hadi baraza ni hatua sita. Tumezifunika kwa bati ili mvua isizikate. Niliona nitumie fedha hapo kuliko kwenye dari, na sijuti: sasa hizi ni pande mbili za jiko moja. Kinachomenywa nje kinakatwa ndani, kinachochemka ndani kinasubiriwa nje.

Gharama yote ya sehemu hii ilikuwa chini ya tulivyolipa kwa kabati za krimu peke yake.

Idi ya kuchinja ilituangukia kabla zege halijamaliza wiki mbili. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, kwa hiyo upande huo hatukuweka kitu kizito, lakini mafigani tulipika pilau ya watu 40. Shemeji zangu watatu walikaa barazani wakikatakata nyama. Jaja alikaa katikati yao, ungo wa vitunguu saumu magotini, akitoa amri. Mlango wa jiko ulikuwa wazi siku nzima na hakuna aliyemruka mtu. Ndani, binti alitengeneza kachumbari juu ya kaunta, na ndimu alizikata juu ya ubao.

Mwezi wa 6

Hesabu ya moto. Zamani gunia la makaa lilitutosha wiki tatu. Sasa gunia linapita wiki nane, kwa sababu sigiri ni ya viazi, matoke na siku ambazo kila kingine kimegoma. Mtungi wa gesi unakaa wiki tano. Wakati wa Ramadhani haukumaliza tatu. Sufuria ya presha inafanya maharagwe na mchuzi wa nyama, siku nne kwa wiki. Nguvu tatu za moto katika nyumba moja zinaonekana nyingi, lakini kila moja imewahi kutuokoa na kukwama kwa nyingine, na sitaiacha hata moja.

Mtoto wa mwisho amepitisha masika yote bila kikohozi cha usiku. Sijui niseme ni jiko tu. Ameongezeka umri pia. Ninaandika nilichokiona.

Terazo nimeipima jana kwa tone la maji. Kwenye kona ya kando ya jiko la gesi limezama ndani ya dakika saba. Kwingine limesimama. Nitapaka dawa Jumamosi.

Dari bado ina madoa.

Jirani wa nyumba ya tatu anaanza kujenga lake mwezi ujao. Alikuja na picha kwenye simu. Nilimpa karatasi tupu na gundi, nikamwambia abandike nyuma ya mlango kwa siku tatu kabla hajamwita fundi, kisha nikampeleka uani akakae kwenye baraza, asikie kimo chake kwa mwili.

Jambo moja limebaki. Koki ya nje iko juu mno. Mimi nilipima nikiwa nimesimama, tena! Maji yanaruka yakigonga sufuria na kumlowesha Jaja miguu. Leo asubuhi alikaa barazani, akanyoosha mkono wake wa kulia hadi pale anapotaka, akamwambia mjukuu achore alama ya mkaa ukutani. Ni sentimita 12 chini ya nilivyoweka mimi. Fundi anakuja kesho saa tatu.